Mishahara yetu ndiyo iliyoua viwanda? Mbona chumvi ya Gongoni haijafa?

#1 Mwana_Sabaki (Malindi)

Wadau, salaam.

Nchi hii mkianza tu kuzungumza habari za viwanda, hamfiki mbali kabla mmoja hajaleta ile hoja: mfanyakazi wa Kenya ni ghali, ndiyo maana wawekezaji wanakimbilia Ethiopia na Bangladesh. Waajiri huisema kila Mei Mosi ikikaribia. Hata vibarua wenyewe utawasikia wakiisema, tena kwa unyenyekevu, utadhani wao ndio waliokula kiwanda. Leo nataka tuipime hapa kwetu, tuone kama inasimama.

Hali ya nchi kwanza. Desemba 2017 tulitangaziwa Ajenda Nne Kuu, na mojawapo ilikuwa kuinua mchango wa viwanda katika pato la taifa kutoka asilimia 9.2 hadi 15 ifikapo 2022. Ikafika 2022, tukawa tumeteremka chini ya asilimia 8. Yaani hatukushindwa kupanda tu, tulishuka huku tukitangaziwa kwamba tunapanda.

Sasa mshahara wenyewe. Agizo lililoanza Novemba 2024 liliongeza kima cha chini kwa asilimia 6. Kibarua wa kawaida kwenye majiji kama Nairobi na Mombasa akafika 16,113 na senti zake kwa mwezi. Zilizokuwa manispaa, na Malindi ni mojawapo, 14,866. Halafu kuna kundi la tatu, "maeneo mengine yote": 8,596. Hapo hatujaweka posho ya nyumba.

Ukitoka Malindi ukavuka daraja la Sabaki, ukapita Mambrui ukafika Gongoni, hujamaliza hata soda yako na tayari umeingia "maeneo mengine yote". Kibarua wa huku sheria inaruhusu alipwe zaidi kidogo tu ya nusu ya mwenzake wa mjini. Unga anaonunua umetoka Malindi na umeongezwa nauli. Sukari vilevile. Madaftari ya watoto vilevile.

Na hapa ndipo penye jambo langu. Kuanzia Gongoni kwenda Marereni mpaka Kurawa, chumvi inavunwa miaka nenda miaka rudi. Sehemu kubwa ya chumvi ya nchi hii inatoka hapo, na malori huipeleka hadi Uganda na Kongo. Shamba la chumvi halibebeki. Linataka bahari, jua kali, upepo, ardhi tambarare yenye udongo usiopitisha maji, na soko lililo karibu. Mwenye nalo hawezi kututisha kwamba tukidai nyongeza atahamia Asia.

Kama ni kweli mishahara yetu iko chini kwa sababu viwanda vinapigania roho, basi Gongoni pangekuwa mahali pa kwanza mshahara kupanda. Haukupanda. Korosho ya Kilifi ilikufa, watu wakabaki bila kitu. Chumvi ikaishi, watu wakabaki na kima kidogo kuliko vyote. Nielezeni.

#2 Kahawa_Tungu

Nakaa hapa nisome. Nimeagiza na mahamri.

#3 FundiChuma_MLD

Mleta uzi, heshima yako. Mimi ni mwajiri, mdogo tu. Nina karakana ya mageti na madirisha hapa mjini, na vijana wachache. Nitasema upande wangu bila kupamba.

Mteja akija kuulizia geti, pesa kubwa inakwenda kwenye chuma: bomba za mraba, bamba, bawaba, rangi. Chuma kinatoka nje, kinashuka Mombasa, kinalipiwa ushuru, kinapanda lori hadi hapa. Julai 2023 mafuta yaliongezewa VAT kutoka asilimia 8 hadi 16, na mwenye lori hakuibeba yeye, aliniletea mimi. Kisha umeme. Ukikatika katikati ya mshono, ule mshono ni wa kusaga na kurudia, na diski ya kusagia unainunua wewe. Ujira wa fundi unakuja nyuma ya yote hayo.

Kwa hiyo siwezi kusema mishahara ndiyo inayoniua. Ila wadau, mshahara ndicho kitu pekee ninachoweza kukibana! Bei ya chuma sipangi mimi. Umeme sipangi mimi. Mlango wa Kichina ulio tayari na kufuli yake, unaouzwa duka la pili kutoka kwangu, bei yake sipangi mimi. Mteja ananionyesha picha ya ule mlango kwenye simu, ananiambia "fundi, shuka hapa." Nashukia wapi? Nashukia kwa yule kijana aliyeshika tochi ya kuchomelea.

Sijisifu kwa hilo. Lakini mkija na kima cha chini kipya bila kugusa hayo mengine, mimi nitafanya wanavyofanya wote: mwenye ajira ataandikwa "mwanagenzi", ati bado anajifunza kazi.

#4 Kahawa_Tungu

"Mwanagenzi" wa miaka arobaini ana watoto watano. Namjua.

#5 Binti_Marereni

Nimesoma na nimeamua kuandika, maana naona wanaume wanazungumzia chumvi kama walioiona kwenye pakiti tu.

Mimi nimefanya kazi ya chumvi. Kampuni siitaji. Kazi inaanza na bamvua: bahari ikijaa, maji yanaingizwa kwenye mabwawa makubwa ya nje, kisha yanasukumwa bwawa hadi bwawa, na kila yanapohama yanazidi kuwa mazito. Yakikaribia kuiva yanageuka wekundu wekundu. Mwisho yanaingia vitalu vya kugandisha, na hapo ndipo chumvi inakaa chini kama sakafu. Wanaume wanaivunja na kuichota kwa sepetu, toroli inasukumwa juu ya mbao zenye utelezi hadi kwenye lundo. Wanawake tuko kwenye kujaza na kushona magunia, au kwenye pakiti ndogo.

Jua la huko linakupiga mara mbili, juu kutoka mbinguni na chini kutoka kwenye weupe wa chumvi. Macho yanawasha hadi usiku. Gambuti ikitoboka chumvi inaingia, na mguu wenye mchubuko ukiingia chumvi asubuhi, jioni huwezi kuvaa hata champali. Wengi gambuti walijinunulia.

Kuhusu malipo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kiasi cha mwezi, si kibarua tena, ana haki za mwajiriwa wa mwezi. Mnyapara anaijua sheria hiyo kuliko wakili. Mwezi ukikaribia kutimia "unapumzishwa" siku kadhaa, halafu unaitwa upya, unaanza moja. Kuna watu wameanza moja miaka kumi.

Na mambo haya si siri. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuja Malindi 2005 ikafanya uchunguzi wa hadhara kuhusu chumvi ya huku kwetu Magarini, watu wakasimama wakaeleza ya ardhi, ya maji ya visima kuingia chumvi, ya ujira. Ripoti ikatoka 2006.

Sasa swali lako, Mwana_Sabaki: kwa nini chumvi imeishi na mshahara haukupanda? Kwa sababu ukiacha kazi ya chumvi, unakwenda wapi? Shamba la wazee limekuwa bwawa. Kuvua, mwambao una uzio na njia za kushukia baharini zimezibwa. Hoteli za Malindi zinaajiri msimu Waitaliano wakiwepo. Korosho iliyokuwa ikiwaita watu Kilifi imekufa. Pamba ni yale yale. Mnyapara akinitazama anajua sina mlango mwingine, na mshahara unapangwa kwa kutazama mlango huo.

Kwa hiyo usiseme korosho ilikufa na chumvi ikaishi, ukayaweka mbalimbali. Korosho ilipokufa Kilifi, ilituteremsha sisi wa chumvi pia.

#6 Mwana_Sabaki

Dada, ungefungua uzi wewe.

#7 Mhasibu_wa_Takaungu (Nairobi)

Binti amemaliza upande wa ujira. Nataka niongeze upande wa pesa, maana ndio haupigiwi kelele.

Februari 2024 serikali iliuza hati fungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka, isiyotozwa kodi. Niambieni, mwenye milioni mia moja anayefikiria kujenga kiwanda cha juisi ya maembe Malindi, akiwa na akili timamu, atajenga? Maembe yanaoza, mashine zinaharibika, wafanyakazi wanagoma, kaunti inataka leseni. Hati fungani haiozi wala haigomi. Na anayetaka kukopa benki ajenge, benki inamuuliza: nikukopeshe wewe kwa ngapi, ikiwa serikali inanipa hiyo bila jasho? Riba tangu hapo zimeshuka, lakini viwanda havijengwi kwa mwaka mmoja wa riba nzuri.

Shilingi nayo. Mwanzo wa 2024 dola ilikuwa imepita 160, miezi michache baadaye ikarudi karibu 129. Tulishangilia sote, hata mimi, maana mafuta yalishuka. Lakini anayeuza nje korosho zilizobanguliwa alilipwa dola zilezile akapata shilingi pungufu kwa moja ya tano, na mishahara yake iko kwa shilingi. Na mlango wa Kichina wa FundiChuma ukazidi kuwa rahisi.

Umeme: tunanunua wa Ethiopia kwa senti sita na nusu za dola kwa uniti kupitia laini inayoingia Suswa. Ukimfikia mwenye karakana, pamoja na kodi na matozo, umezidi mara tatu. Pale Langobaya, kwetu kabisa, kuna mtambo wa jua wa megawati 40 tangu 2021. Umeme wake unaingia gridi ya taifa, na mwenye kinu cha kusaga aliye jirani nao analipa bei ileile ya kila mtu.

Jambo la mwisho, dogo lakini linaniudhi. Makato. Mwenye 14,866 anakatwa NSSF ya uzeeni asilimia 6, SHA ya matibabu asilimia 2.75, tozo ya nyumba asilimia 1.5, jumla kama 1,524. Mwenye 8,596 anakatwa kama 945, kwa sababu SHA ina kiwango cha chini cha 300, hata kama asilimia yako haifiki hapo. Pigeni hesabu: wa Malindi amekatwa asilimia 10 na robo, wa Gongoni asilimia 11. Maskini zaidi anakatwa sehemu kubwa zaidi. Wa Gongoni akitoka hapo anabaki na 7,651.

#8 Msimamo_Mkali

Haya yote ni kulalamika. Korea na sisi tulikuwa karibu sawa 1963, wenzetu walifanya kazi.

#9 Kahawa_Tungu

Nilikuwa nahesabu. Korea imechelewa leo, kwa kawaida huwa inafika kabla ya mchango wa tano.

#10 Mtwara_Kuchele

Wakuu, habari za huko. Mimi ni wa ng'ambo ya mpaka, lakini mmetaja korosho, siwezi kupita.

Kwetu viwanda vya kubangua vilijengwa kumi na viwili, vingi miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa mikopo ya nje. Mashine kubwa kubwa. Kufika wakati vimekamilika, korosho yenyewe imeshuka shambani, vingi havikuwahi kufanya kazi sawasawa. Vikabinafsishwa, vingine vikawa maghala ya kuhifadhi korosho ghafi zinazosubiri meli ya kwenda Vietnam na India. 2018 mnakumbuka, Rais Magufuli alisema wanunuzi wanataka kuwanyonya wakulima, serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kilo, jeshi likaingia kusomba. Tukasema sasa zitabanguliwa hapa. Nyingi ziliishia kuuzwa ghafi vilevile.

Kubangua kwa mkono ni kazi ya akina mama. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, wanapaka vidole mafuta mengine au majivu, na bado ncha za vidole zinabaki nyeusi, hazina alama. Wanalipwa kwa kilo ya kiini kizima, kikivunjika kinahesabiwa daraja la chini. Vietnam wameweka mashine za kukata, mikono imebaki kwenye kuchagua tu. Sasa mkuu aliyeleta uzi akisema mishahara si tatizo nakubaliana naye, mama wa Mtwara kamwe hakuwa ghali kuliko Mvietnam. Alishindwa na mashine na mtaji wa kununulia korosho zote kwa mkupuo msimu unapofunguka. Mwenye kiwanda kidogo ana pesa za kununua mzigo wa miezi miwili. Mwenye meli ana pesa za mwaka.

#11 Mwana_Sabaki

Mkuu wa Mtwara, shukran. Hilo la mtaji wa msimu ndilo lililokuwa Kilifi pia. Kiwanda kilianza miaka ya 1970 kikiwa na serikali na chama cha ushirika cha wakulima ndani yake, kikabinafsishwa, miaka ya 1990 kikafa. Marufuku ya kuuza nje korosho ghafi ilikuja 2009, wakati miti imezeeka na wengine wameshaikata kuni. Sheria ilifika mazikoni.

#12 Mtu_wa_Amu

Sisi wa Lamu tunasoma tu tukicheka, maana nyinyi angalau mna kiwanda cha kulalamikia.

Mei 2021 gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Kililana. Mradi wenyewe ulizinduliwa Machi 2012, marais wakaja, tukaambiwa Lamu itakuwa mji wa viwanda. Magati yamefika matatu. Wavuvi walikwenda mahakamani, na 2018 Mahakama Kuu hapo Malindi iliamua walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa watu kama 4,600, kwa maeneo yao ya uvuvi kuharibiwa. Makaa ya mawe nayo yalitakiwa kuletwa, megawati 1,050, ati ndiyo umeme wa viwanda. Baraza la rufaa za mazingira likafuta leseni 2019. Nilikuwa miongoni mwa waliofurahi na bado ninafurahi. Lakini ukimuuliza kijana wa kwetu, wa vijiji vya Hindi au Mokowe, bandari imempa nini, atakwambia ulinzi. Kuvaa sare na kufungua lango.

Bandari si kiwanda. Meli kubwa inashusha makontena, ndogo inayabeba kwenda kwingine, na kontena halikufunguliwa hapa hata kidogo.

Kuna jambo moja huwa linanikaa rohoni. Mpeketoni wanalima pamba. Inachambuliwa, inafungwa marobota, inakwenda bara. Shuka ninayolalia ni ya nje. Shati la mjukuu ni mtumba. Na zile suruali za dengrizi zinazoshonwa Athi River kwenda Marekani, kitambaa chake kingi ni cha Asia, kwa sababu ule mpango wa AGOA wa 2000, wa Marekani kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, uliruhusu kutumia kitambaa cha nchi ya tatu. Kwa hiyo mkulima wa Mpeketoni hayumo kabisa katika nguo hiyo. Tunauza mikono ya kushona tu.

Ufundi wetu wenyewe, majahazi ya Matondoni, milango ya nakshi, kofia za kushona kwa mkono, huo haujafa lakini hauingii kwenye hesabu ya taifa. Fundi anachukua miezi kwa kofia moja. Anayeinunua anauliza kwa nini si bei ya ile ya mashine.

#13 Cherehani_Athi

Mtu wa Amu amenitaja bila kujua. Mimi ni wa Malindi, nashona huku Athi River.

Ukweli ni kwamba mstari wetu una watu wengi na kila mmoja ana kipande chake. Mimi ni mifuko ya nyuma. Kuna tageti ya kila saa imeandikwa ubaoni kwa chaki, mnyapara anapita nayo. Ukikosa saa ya kwanza, unakula chakula cha mchana ukiwa mbioni. Kwenda choo ni kwa kadi. Mshahara ni wa kima, kwa kuwa Mavoko imetajwa pamoja na zile manispaa za zamani, kwa hiyo niko sawa na Malindi, lakini chumba huku si bei ya Malindi.

Kuhusu Ethiopia. Kila tukidai kitu tunaambiwa Hawassa, mji wao wa viwanda vya nguo. Basi tuizungumze Hawassa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha New York wa 2019 ulikuta mshahara wa kuanzia kule ni dola 26 kwa mwezi, Bangladesh 95, Kenya 207. Waethiopia hawakuwa na kima cha chini kwa sekta binafsi. Kama mshahara ndio kila kitu, sisi tungefungwa siku hiyo hiyo. Ikawaje? Wasichana walikuwa wanaacha kazi kwa wingi hivi kwamba mwaka wa kwanza ni sawa na wote waliondoka wakaajiriwa wengine; dola 26 haitoshi kodi ya chumba na chakula. Kila anayeondoka, anayekuja anafundishwa upya. Kisha vita vya Tigray, na Januari 2022 Marekani ikawaondoa kwenye AGOA, na mnunuzi mkubwa alikuwa ameshatangaza kuondoka. Mshahara mdogo kiasi hicho haukuwazuia wanunuzi kuondoka.

Sasa sisi tusicheke sana. AGOA yenyewe ilipoongezwa 2015 iliandikiwa mwisho Septemba 2025, na ile miezi ya kuelekea hapo hakuna aliyekuwa anauliza mishahara. Tulikuwa tunauliza kama kuna oda. Ajira za makumi ya maelfu ya watu zinategemea wabunge wa Washington wameamkaje.

#14 FundiChuma_MLD

Huyu dada amenigusa kwenye mafunzo. Kijana wangu bora aliniacha akaenda kuendesha bodaboda. Hakwenda kwa mshindani. Nilimwambia ukikaa utakuwa fundi mkubwa, akaniambia "mzee, fundi mkubwa ni wewe, na nakuona." Sikuwa na jibu la kumpa.

Lakini bado hamjanijibu. Mkipandisha Gongoni ifike 14,866, wenye chumvi wataweza. Mimi nitaweza, niko mjini tayari. Mwenye kinu cha kusaga mahindi Marafa je? Mwenye bekari ya Baricho?

#15 Mwana_Sabaki

Swali zuri, mzee wangu, na ndilo linalotumiwa miaka yote kumlinda asiyestahili. Kinu cha Marafa kinawekwa mbele, kampuni ya malori mia inasimama nyuma yake.

Fikra yangu ni hii. Ile ramani ya mishahara inafuata mabaraza ya miji yaliyokufa 2013 ugatuzi ulipoingia. Ndiyo maana wanaandika "zilizokuwa manispaa". Tunalipwa kwa mipaka ya serikali isiyokuwepo. Ukubwa wa kiwanda haumo, faida haimo, kinachotazamwa ni kama jengo lilikuwa ndani au nje ya baraza fulani la zamani. Kiwanda kikubwa kikikaa porini, kwa sheria ni sawa na kinu cha Marafa. Sasa kwa nini agizo lisitenganishe kwa sekta na ukubwa? Kilimo kina agizo lake, walinzi wana lao. Chumvi nayo ipate lake, kwa kuwa haihami, na kinu cha Marafa kiachwe kipumue.

Na kwa wale wanaosema hii itaua ushindani wa nchi: Binti ameshaeleza ujira unapangwa na nini, Cherehani ameeleza dola 26 zilivyowasaidia Waethiopia, Mhasibu ameeleza pesa inakimbilia wapi. Sijaona bado mchango mmoja humu ulioonyesha kiwanda kilichokufa Pwani kwa sababu kibarua alilipwa sana. Ramisi kule Kwale ilifungwa 1988. Sukari ile iliuawa na mshahara wa mkata miwa? Aliye na ushahidi auweke.

#16 Msimamo_Mkali

Mashirika ya umma yaliuawa na wizi, hilo nakubali. Lakini sekta binafsi haikuibiwa. Betri za Nakuru zilifungwa 2014.

#17 Mhasibu_wa_Takaungu

Na zilifungwa kwa sababu betri za bei rahisi kutoka nje zilijaa sokoni, na wao wakabaki kuagiza na kuuza. Nyingi kati ya hizo zilitoka Uchina, na kwa utafiti ule ule wa Cherehani mshahara wa Uchina ulikuwa dola 326. Umeleta mfano wetu, si wako.

#18 Kahawa_Tungu

Mahamri yameisha, naongeza viazi karai.

#19 Binti_Marereni

Tukitoka kwenye mabishano: hilo la agizo la chumvi linaombwa wapi? Bunge la kaunti au wapi? Maana hapa tukiandika tu, Mei Mosi itakuja watangaze asilimia, na asilimia ya kidogo ni kidogo.

#20 Mhasibu_wa_Takaungu

Si kaunti. Kazi na ajira ziko chini ya Waziri wa Kazi, kwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2007. Mabaraza ya mishahara ndiyo yanayopendekeza, Waziri anatangaza kwenye gazeti rasmi. Baraza hukaa pande tatu: wajumbe huru wanaoteuliwa na Waziri, waajiri, vyama vya wafanyakazi. Kwa hiyo njia ni chama cha wafanyakazi kipeleke waraka, au watu wapeleke wenyewe kabla baraza halijakaa. Waraka wenye hesabu unasomwa, wenye vilio unawekwa kando. Tunataka majina ya kazi zilivyo, vitaluni hadi kwenye magunia, saa, na malipo halisi ya mwezi.

#21 Binti_Marereni

Hati za mshahara za kwangu ninazo. Lakini wengi walilipwa kupitia mtu wa kati, hawana karatasi yoyote. Wengine ni ujumbe wa M-Pesa tu, kutoka namba ya mnyapara.

#22 Mhasibu_wa_Takaungu

Ujumbe wa M-Pesa unatosha kuanzia, msiufute. Taarifa ya miezi ya nyuma mtu anaweza kuomba kwenye simu yake mwenyewe. Na kama jambo likifika mahakama ya kazi, kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira kinasema mwajiri asipotoa mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wake, si wa kibarua. Waambie wenzako waandike tarehe walizopumzishwa na tarehe walizoitwa tena. Hizo ndizo nitazitaka kwanza.